Nyanya za Nyumbani Mwaka Hadi Mwaka: Tunza Udongo Kabla ya Mche

Mwaka wa kwanza nyanya humkubali karibu kila mtu. Eneo lilikuwa nyasi tupu, udongo haujawahi kuonja nyanya, unachomeka miche nyuma ya jiko na baada ya miezi mitatu unagawia majirani. Mwaka wa pili mavuno yanapungua kidogo, unasema ni mvua. Mwaka wa tatu miche inasimama vizuri mpaka inatoa maua, halafu mchana mmoja unaikuta imelegea ilhali majani bado ni ya kijani. Jioni inainuka. Kesho yake inalegea tena, na wiki haiishi imekufa. Hivyo ndivyo nilivyopoteza miche 17 kati ya 24 hapa Morogoro, na kwa siku zote hizo nilikuwa naizidishia maji nikidhani ina kiu.

Nilikuwa nimepanda nyanya palepale misimu miwili, katikati nikaweka bilinganya nikiamini nimebadilisha zao. Bilinganya ni ndugu wa damu wa nyanya. Ugonjwa uliokuwa ardhini ulipata chakula bila kukosa hata msimu mmoja. Tangu siku hiyo naipangia bustani yangu kazi hata katika miezi isiyokuwa na nyanya. Miezi hiyo ndiyo inayoamua mavuno yajayo.

Hatua ya 1: Chora ramani ya matuta

Tafuta daftari, uchore bustani yako kabla hujashika jembe. Eneo lipate jua angalau saa sita kwa siku, na maji ya mvua yasituame. Ligawe matuta manne yenye upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Urefu ni kadiri ya nafasi. Tuta la mita 4 linabeba miche 12 ya nyanya, inayotosha kabisa familia ya watu watano au sita kwa kiungo cha kila siku.

Kila mwaka nyanya ikae kwenye tuta moja tu, na isirudi hapo mpaka miaka mitatu ipite. Mpangilio wangu ni huu: tuta lililotoka nyanya linafuata mahindi, baada ya mahindi vitunguu, baada ya vitunguu maharage, ndipo nyanya tena. Mahindi na vitunguu haviishi na magonjwa ya nyanya, na maharage huachia udongo naitrojeni kupitia vinundu vya mizizi yake.

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya, kwa hiyo shika orodha hii. Ukoo wa nyanya ni pamoja na bilinganya, nyanya chungu (ngogwe), pilipili hoho, pilipili kali, viazi mviringo, tumbaku na mnavu. Ndiyo, mnavu, mboga tunayoiacha iote yenyewe pembeni mwa uzio kwa sababu ni tamu. Kwa mzunguko wa mazao, hizo zote zihesabu kama nyanya. Ukipanda pilipili mwaka huu, tuta hilo limetumika. Na mnavu unaoota wenyewe kwenye tuta linalopumzika ung'oe. Ukiupenda, utengee kona yake mbali.

Uwanja wako ukiwa mdogo kiasi cha kutoruhusu matuta manne, usilazimishe. Panda kwenye viroba au ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, ujaze ndoo mbili za udongo wa juu kwa moja ya mboji na nusu ya mchanga. Kila msimu udongo huo umwage kwenye mahindi au chini ya miti, ujaze mwingine. Ardhi ikishaingia mnyauko wa bakteria, ule ugonjwa ulioua miche yangu, viroba ndiyo njia ya haraka ya kuendelea kula nyanya za kwako.

Hatua ya 2: Chagua msimu, kisha mbegu

Nyanya hupenda mchana wa joto la kadiri na usiku wenye ubaridi. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku nao ukabaki wa moto, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Mvua nyingi nayo huleta bakajani, ugonjwa wa mabaka unaounguza majani. Kwa Morogoro, Dar es Salaam na mwambao kwa jumla, mwanya mzuri ni kipupwe: sia mbegu kitaluni katikati ya Aprili, hamisha miche mwishoni mwa Mei masika yanapokata, maua yaje Juni na Julai, uvune Agosti na Septemba. Kwa wenzetu wa Makete na Njombe, ambako Juni na Julai baridi huweza kuunguza majani, kalenda hii haifai; huko subirini baridi ipungue.

Upande wa mbegu, kuna za asili unazoweza kuzitunza mwenyewe na kuna chotara, zile zenye alama ya F1 kwenye pakiti. Tanya na Tengeru 97 ni mbegu zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, na bado zinafaa sana nyumbani. Cal J na Roma ni fupi, zina nyama nyingi, nzuri kwa mchuzi. Money Maker ni ndefu, inaendelea kupanda na kuzaa kwa muda mrefu, ila inadai miti na kupunguzwa machipukizi. Chotara kama Assila F1 na Anna F1 huzaa vizuri na huvumilia baadhi ya magonjwa, lakini mbegu zake ukizikamua na kuzipanda hutapata mmea uleule. Mimi napanda nusu Tanya na nusu chotara, nikipoteza moja nabaki na nyingine.

Hatua ya 3: Kitalu

Kwa miche 12 sia mbegu 30. Kitalu kiwe mahali ambapo nyanya haijawahi kukaa, au tumia trei na udongo uliochemshwa kwenye sufuria kuukuu yenye maji kidogo, ukafunikwa na kuachwa mvuke uupite kwa nusu saa. Ukipoa, changanya na mboji iliyoiva.

Chora mistari ya kina cha sentimita 1, umbali wa sentimita 15 kati ya mstari na mstari, weka mbegu mojamoja, funika kwa udongo laini kisha nyasi kavu. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Baada ya siku 6 hadi 10 zitaanza kutoka. Siku hiyohiyo ondoa nyasi na weka kichanja kifupi cha kivuli. Miche iliyobanana punguza, kwa sababu msongamano na unyevu ndivyo vinavyoleta kinyausi, ule ugonjwa unaokata shina dogo usawa wa udongo kama limebanwa na uzi.

Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli taratibu. Mche uliozoeshwa jua hausituki.

Hatua ya 4: Andaa tuta na kuhamisha miche

Lima tuta kwa kina cha sentimita 30 na changanya ndoo 1 ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita 2. Samadi nasema iliyooza: nyeusi, haina joto, hainuki tena. Uliza pia imetoka wapi. Boma ambalo ng'ombe wanalishwa mabaki ya bustani ya nyanya linaweza kukuletea ugonjwa mlangoni. Mbolea ya kuku itumie nusu ya kiasi hicho, la sivyo utapata msitu wa majani mazuri usio na matunda.

Miche iko tayari ikiwa na wiki 4 hadi 5 na majani halisi manne hadi sita. Hamisha jioni. Nafasi ni sentimita 60 kati ya mche na mche, mistari miwili kwa tuta. Kila shimo litie konzi mbili za samadi na kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia), uchanganye vizuri na udongo ili mbolea isiguse mizizi moja kwa moja. Kisha zamisha mche mpaka karibu na majani ya kwanza. Shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi mipya, na mche hushika ardhi barabara. Mche wa chotara ulioungwa juu ya shina la mmea mwingine ndio pekee usiouzamisha hivyo: kiungio kibaki juu ya udongo.

Siku hiyohiyo chomeka mti wa mita 1.5 hadi 2 pembeni ya kila mche. Ukichelewa mpaka mmea ukue, utakata mizizi wakati wa kuchomeka, na kila jeraha la mzizi ni mlango wa mnyauko.

Baada ya wiki moja miche ikishasimama, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina. Matandazo hutunza unyevu, na pia huzuia matone ya maji kurusha udongo kwenye majani ya chini. Magonjwa mengi ya ukungu hupanda mmea kwa njia hiyo ya kurushwa.

Hatua ya 5: Maji, kamba na mkono

Mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Baada ya miche kushika, lita 1 hadi 2 kwa mche kila siku inatosha katika kiangazi. Udongo wa mfinyanzi hata kila baada ya siku mbili. Kidole chako ndicho kipimo: kizamishe mpaka kifundo cha pili, ukikuta unyevu acha mpaka kesho.

Kinachodhuru zaidi ni maji ya kubahatisha. Ukiikausha nyanya siku nne halafu ukaimwagia ndoo nzima, matunda hupasuka, na hayo yanayokua hupata kuoza kitako: doa jeusi, kavu, upande wa chini wa tunda. Watu wengi hulipulizia dawa doa hilo. Dawa haliijui, maana si ukungu wala mdudu. Ni tunda lililokosa chokaa ya kutosha (yaani kalsiamu) kwa sababu maji yanayoibeba yalikatika. Rekebisha umwagiliaji, ondoa yaliyooza, na yanayofuata yatakuwa mazima.

Wiki ya tatu au ya nne baada ya kuhamisha, weka kizibo kimoja cha soda cha CAN (mbolea ya kukuzia) kwa kila mche, kwenye duara lililo sentimita 10 kutoka shina, ufukie na umwagilie. Rudia matunda yanapofikia ukubwa wa gololi.

Fungia shina kwenye mti kwa kamba ya mgomba au kipande cha kanga kuukuu, kwa mtindo wa nane, ili shina lisibanwe. Kwa nyanya ndefu, vunja kwa mkono machipukizi yanayotoka kwenye kwapa la jani yakiwa bado mafupi kama kidole gumba. Fupi kama Tanya na Roma usizipogoe. Utakuwa unavunja matawi ya matunda. Zote, fupi na ndefu, ondoa majani ya chini yanayogusa ardhi. Fanya kazi hii majani yakiwa makavu, anza na mimea mizima umalizie na yenye shaka, na kama kuna mvuta sigara nyumbani, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mche. Tumbaku ni ya ukoo uleule, na virusi vya batobato, vinavyotia majani madoa ya kijani na njano, husafiri kwenye vidole.

Hatua ya 6: Kagua kila siku tatu

Pita asubuhi, ukigeuza majani. Nitaeleza matatizo ninayokutana nayo mara kwa mara, na mnyauko nitauongelea zaidi kwa sababu ndio unaoua bustani, si mche tu.

Kantangaze ni kiwavi wa nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliyeingia Tanzania takriban mwaka 2014. Huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka meupe yanayoonesha mwanga, kisha hutoboa matunda. Ukiona jani la kwanza, lichume siku hiyohiyo. Usilitupe kwenye mboji. Tia kwenye mfuko mweusi, funga, uache juani wiki mbili. Beseni la maji ya sabuni lenye kivutio cha feromoni (harufu ya nondo jike) juu yake hunasa madume, na linakuambia mapema kwamba wameingia. Mwarobaini husaidia viwavi wakiwa wadogo: twanga gramu 500 za mbegu kavu zilizomenywa, loweka kwenye lita 10 za maji usiku mzima, chuja, ongeza sabuni kidogo, puliza jioni, rudia kila wiki.

Mche uliodumaa, majani yamejikunja na kuwa ya njano pembeni, ni ule wanaouita rasta. Ni virusi, na huenezwa na inzi weupe. Hauponi. Ung'oe mapema, kwa kuufunika mfuko kwanza ili inzi wasirukie jirani.

Bakajani chelewa huja na ubaridi na ukungu wa asubuhi: mabaka makubwa ya kahawia yaliyolowa, na chini ya jani utando mweupe. Hii huenda kasi. Ndani ya siku chache tuta zima linaonekana limeunguzwa. Kinga ni nafasi, majani makavu, na hali ya hewa ikiwa ya unyevu, puliza dawa ya kopa au mankozebu kabla ugonjwa haujaingia, kwa kipimo cha kwenye lebo. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu, kwa kuwa wanaokula ni watoto wako. Bakajani tangulia ni ya polepole zaidi, ina duara ndani ya duara, na huanzia majani ya zamani. Mara nyingi kuondoa majani hayo kunatosha.

Sasa mnyauko wa bakteria. Mmea unanyauka ghafla ukiwa wa kijani. Ili kuwa na uhakika, kata shina karibu na udongo, chukua kipande cha urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi ncha ya chini iguse maji, na utazame dakika tano bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda, ndio wenyewe. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, uchome moto, usimwage maji mahali hapo yakatiririkia kwa mingine, na jembe lililogusa pale lioshe kwa sabuni na dawa ya klorini kabla ya kuligusisha kwingine. Hata viatu. Andika kwenye daftari tuta gani na mwezi gani. Tuta hilo usilipe chochote cha ukoo wa nyanya kwa miaka mingi. Mimi langu nimeliachia mahindi na vitunguu moja kwa moja.

Kama glasi imebaki safi, ng'oa mche uangalie mizizi. Ukiona vifundo kama shanga, una minyoo fundo. Hao huaga kwa mzunguko mzuri na marejea, zao la kurutubisha udongo ambalo wamisionari wa Peramiho mkoani Ruvuma walilieneza. Bamia usiipande hapo, inawalisha minyoo hao vizuri sana.

Hatua ya 7: Kuvuna na kutunza mbegu

Chuma nyanya zinapoanza kubadilika rangi, zimalizie kuiva ndani, kwenye kikapu kivulini. Zikibaki mtini mpaka ziwe nyekundu kabisa, ndege na viwavi hukutangulia. Friji huua ladha yake. Weka humo zile tu zilizoiva kupita kiasi.

Kwa mbegu za asili, mapema kabisa funga uzi mwekundu kwenye mimea miwili au mitatu iliyo mizima kuliko yote. Usichague tunda kubwa kwenye mmea mgonjwa, chagua mmea. Matunda yake yaache yaive hasa, kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku 2 hadi 3 mpaka juu pawe na utando na ute unaozunguka mbegu uachie. Osha, mwaga zinazoelea, kausha kwenye sahani kivulini (ukitumia karatasi zitaganda). Zikikauka kabisa weka kwenye chupa yenye kifuniko, andika jina na mwaka, zitunze mahali pakavu pasipo na joto. Hukaa hata miaka minne.

Hatua ya 8: Miezi isiyo na nyanya

Mavuno yakiisha, usiyaache mashina yakauke yakisimama, hata kama bado yana nyanya mbili tatu. Hapo ndipo kantangaze, inzi weupe na vimelea vya bakajani wanapovukia kwenda msimu ujao. Ng'oa yote siku moja, pamoja na matunda yaliyoanguka. Kagua kila mzizi. Mazima kata vipande utie kwenye mboji, yenye dalili yoyote choma. Miti ya kusimikia iloweke kwenye maji ya klorini au iache juani wiki kadhaa.

Tuta lililotoka nyanya subiri mvua za vuli upande marejea, uzifukie zinapoanza kutoa maua, kisha mahindi wakati wa masika. Miche ya nyanya inayoota yenyewe kutokana na matunda yaliyooza ing'oe bila huruma, hata ikionekana mizuri.

Na tuta litakalopokea nyanya Mei ijayo lianze kuandaliwa Januari, jua likiwa kali. Vuna maharage yaliyokuwemo, sawazisha udongo, umwagilie mpaka ulowe vizuri, kisha tandika nailoni angavu, si nyeusi, na ufukie kingo zake zote kwa udongo ili joto lisitoke. Liache wiki 4 hadi 6. Joto la chini ya nailoni huua minyoo fundo, mbegu za magugu na vimelea vingi vilivyo karibu na uso wa ardhi. Ukiondoa nailoni usilime tena kwa kina, maana utapandisha juu udongo wa chini ambao joto halikuufikia. Kwatua juujuu tu, changanya mboji, funika kwa nyasi, na tuta lisubiri miche hapo.